Mwendo wa Saa Tatu, Bogota Hadi Lima

Marehemu baba yangu hakuwahi kupanda ndege, wala hakuwahi kuiona ndege ikiwa chini. Lakini mwaka wake wa mwisho duniani aliijua njia ya angani kutoka Bogota hadi Lima kama mtu aliyeipita na ng'ombe wake. Mimi ndiye niliyemfundisha, tena nilimfundisha nikiwa na hasira, maana mambo yangu mengi huanza hivyo.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, nje kidogo ya Ushirombo. Mama alikuwa ametangulia zamani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Niliolewa Kagongwa na mfanyabiashara wa mchele, nikakaa miaka bila mtoto, nikarudishwa. Watu wakilifikia neno hilo hushusha sauti. Mimi silishushii sauti: nilirudishwa, na sanduku langu likashushwa kwenye lori mbele ya watu, mchana kweupe.

Pale kijijini kila mwanamke wa rika langu alikuwa Mama fulani. Mimi nilikuwa Mwalimu. Watoto, "Shikamoo, Mwalimu." Wakubwa, "Habari za kutwa, Mwalimu." Ni jina la heshima, sikatai, na kuna wengine wangelilipia. Lakini jamani, likizo ikifika, shule ikifungwa, nilikuwa nakaa uani nikijiuliza sasa mimi ni nani. Upweke wangu ulikuwa wa namna hiyo. Haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kukosa mtu wa kuniuliza kitu.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mbali. Alitoka seminari akaingia shirika la kitawa, na shirika likampeleka Bogota kusomea upadri. Siku alipoondoka kijiji kizima kilimsindikiza mpaka barabarani, na baba akamsindikiza mbele zaidi, akiushika ubavu wa lori mpaka lilipomwacha. Baada ya hapo hakusumbua mtu kwa maswali. Aliambiwa Bogota ni ng'ambo ya bahari, upande wa dunia ambako sisi tukilala wao wako kazini, akasema, "Basi ni mbali." Umbali ule ulimzidi, akauacha kama ulivyo.

Balaa lilianza siku padri wa parokia alipokuja kutuambia kwamba kijana wetu amehamishwa. Padri alikuwa mzungu mzee, anakisema Kisukuma kuliko mimi niliyezaliwa nacho. Alikaa, akanywa togwa, akasema wakubwa wa shirika wamempeleka Lima, mji wa nchi nyingine, kusini zaidi.

"Amehama?" baba akauliza.

"Amehama."

Niliuona uso wa baba ukibadilika, na nilijua kwa nini. Kwa baba, kuhama halikuwa neno la kawaida. Nilipokuwa msichana wa kuchota maji, na mdogo wangu bado anabebwa mgongoni, tulihama kutoka upande wa Shinyanga kwa sababu majani yalikwisha. Tulitembea na ng'ombe kupitia Tinde, Isaka, Kagongwa, Kahama, Masumbwe, tukilala walipolala ng'ombe, tukinywa walipokunywa ng'ombe. Bibi yangu, mama yake baba, alikataa kuondoka. Alibaki mlangoni na fimbo yake. Baba alimwambia atarudi kumchukua mvua zikianza. Huku mbung'o wa pori la Ushirombo wakawamaliza ng'ombe mmoja mmoja, tukabaki na fimbo za kuchungia tu, na habari za kwamba bibi amezikwa zikatufikia yeye akiwa ameshazikwa zamani. Kwa hiyo kwa baba, mtu aliyehama ni mtu ambaye hutamwona tena.

"Kutoka huko alikokuwa mpaka huko alikohamia," baba akauliza, "ni mbali?"

Angalieni swali lenyewe. Hakuuliza kutoka hapa. Aliuliza kutoka Bogota.

Padri akakuna ndevu. Akasema ni kama kilomita elfu moja na mia tisa hivi kwa njia ya ndege. Kwa gari ni siku nyingi, maana kuna milima inayogusa mawingu. Kwa ndege ni mwendo wa saa tatu.

"Saa tatu?"

"Saa tatu, au zaidi kidogo."

Baba akanigeukia. Aliniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao. "Mayu, mtu akitembea saa tatu kutoka hapa, anafika Masumbwe?"

"Hafiki, baba. Labda wewe wa zamani."

"Basi hajahama!" Akapiga paja. "Amesogea tu! Padri, unakuja kunitisha bure, mtoto amesogea tu!"

Siku hiyo alikula ugali wote akakomba na mboga. Mimi nilifurahi naye, nikadhani yamekwisha.

Wapi! Kesho yake, nimerudi kutoka shule na vumbi langu, hata viatu sijavua, baba yuko kwenye kigoda chake. Hakunipa pole. "Mayu, hiyo saa tatu anapita wapi?"

Nikamletea ramani ya shule. Haikusaidia, mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili, alichoona ni mwanga na vivuli. Nikachukua uzi wa kushonea, nikaupima kwenye ramani kutoka mji mmoja hadi mwingine, nikaukata, nikamwekea mkononi. Akaupapasa kwa kidole gumba. Ulikuwa mfupi kuliko kidole chenyewe.

"Maji yako wapi hapa?"

"Maji gani tena, baba?"

"Ndege inanyweshwa wapi?"

"Ndege hainyweshwi. Inapaa Bogota, inashuka Lima."

"Kila kitembeacho hunywa," alisema, kwa ule upole wake wa kumwelewesha mtoto mjinga.

Jioni ile na ya kesho yake na ya kesho kutwa yake, maswali ni yale yale. Kuna mto? Kuna pori la mbung'o? Wanalala kwa nani? Mimi si mtu wa subira. Darasani nilikuwa na watoto wanaokaa chini, chaki zimekwisha, nyumbani sabuni hakuna, sukari ya duka la kijiji inakuja kwa foleni, halafu jioni nipewe mtihani juu ya mito ya Amerika ya Kusini! Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Haya, sikiliza. Bogota ni kule kwetu kwa zamani, Shinyanga. Lima ni hapa, Ushirombo. Katikati weka njia ile ile uliyotuswagia ng'ombe. Umeridhika?"

Nilisema ili anyamaze. Ebo, nilikuwa nimemwasha! Baba alikaa wima kama kijana.

"Kwa hiyo akipita Kagongwa, amebakiza zaidi ya nusu."

"Ndiyo, baba."

"Kahama anapumzika."

"Hewani, baba. Anapumzika amekaa."

"Vizuri. Kahama pana maji."

Tangu hapo kila jioni ndege iliondoka. Jirani yetu, mzee wa Kisumbwa aliyekuwa akitundika mizinga ya nyuki porini, alikuja kukaa naye, na safari ikapata abiria wa pili. Walikuwa wanabishana mpaka nacheka mwenyewe jikoni. Baba anataka ndege ikate Isaka ipitie upande wa maji. Yule mzee anamwambia, "Ninyi Wasukuma mnafikiri kila kitu duniani kina kwato!" Baba anamjibu, "Na ninyi Wasumbwa mngeipachika juu ya mti mkaivizia mpaka itoe asali." Wanacheka, wanakohoa, wanaendelea. Ikifika Masumbwe wanatulia, maana Masumbwe ni kama umefika.

Mimi nilikuwa nasikiliza yote hayo nikichambua mchicha. Na nitasema bila kuficha: niliona wivu. Sikumwonea wivu mdogo wangu kwa kusoma wala kwa kupanda ndege. Wivu wangu ulikuwa kwamba alikuwa na mtu wa kumfuatilia kituo kwa kituo. Mimi nilitoka asubuhi, nikarudi jioni, nikapita kwenye mashamba ya pamba, nikavuka korongo, nikapita kwa mganga wa zahanati na kwa wauza karanga, na katika miaka yote ile baba hakuniuliza hata siku moja, "Mayu, leo imekuwaje?" Nilitaka aniulize. Mara moja tu ingenitosha. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, natia watu adabu kwa jicho, na nilikuwa narudi nyumbani kila siku nikitaka swali hilo.

Halafu ikaja siku ya gulio. Mama mmoja muuza mchele kutoka Kagongwa alinitambua. Alinisalimia vizuri, akanipa pole ya macho ya baba, akapima mchele wangu, na wakati anafunga mfuko akaniambia kwamba yule aliyekuwa mume wangu mkewe amejifungua mapacha, mmoja wa kiume mmoja wa kike, na ngoma za mapacha zimechezwa siku kadhaa. Hakusema kwa ubaya. Alidhani nimeshasikia.

Sijui nilifikaje nyumbani. Najua tu kwamba njiani nilikuwa nayapanga maneno. Niliapa siku hiyo nitamwambia baba bila kusubiri swali. Nitasema, baba, nimeumia. Nikaingia uani, nikaweka mchele chini, nikafungua mdomo.

"Mayu," baba akasema, "nimewaza. Ikitoka Bogota alfajiri, jua linawapata Tinde?"

Nililipuka. Yule mzee wa Kisumbwa alikuwepo na sikujali. Nikasema, "Baba, hunioni? Mimi natembea kila siku kutoka shule mpaka hapa! Mbona mimi huniulizi nimepitia wapi?"

Yule mzee akaangalia miguu yake. Baba aligeuza uso kunitafuta, akaniambia kwa mshangao wa kweli, "Wewe si upo?"

Basi. Wewe si upo. Nikauchukua mchele nikaingia ndani. Nililia nikiwa nachagua mawe, na yule mzee alipoaga aliaga kutokea nje, hakuingia.

Masika yalipokuwa yanaisha, kifua kikamshika baba. Zahanati ilikuwa na mganga mzuri, ila dawa hazikuwepo. Padri alitaka kumpeleka hospitali kwa gari la misheni, baba akakataa kabisa. Alisema ameshahama mara moja na inamtosha. Padri akaniita pembeni, akasema atapeleka simu ya maandishi Lima kupitia Kahama. Kisha akanishika bega, akasema nisitegemee sana. Bahari ile, ruhusa, nauli, mabadiliko ya ndege mji hadi mji, hata wakimruhusu leo hawezi kufika upesi. Nilielewa. Na ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu alikuja tukiwa tumeshalisakafia kaburi.

Baba yeye alisikia jambo moja tu, kwamba simu imepelekwa. Akaanza kusubiri.

Siku ya kwanza alinitaka nimnyoe ndevu. Siku ya pili akaniambia nitandike kitanda cha pili. Siku ya tatu akasema, "Kama ni mwendo wa saa tatu, mbona hajafika?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Katika njia yetu ile ya jioni, niliyoichora mimi, Lima ilikuwa hapa. Ndege ilikuwa ikitua Ushirombo kila siku, nyuma ya nyumba yetu, mwaka mzima. Bahari haikuwemo. Hakuna jioni hata moja tuliyoitaja bahari.

"Baba, Lima si hapa. Ule ulikuwa mfano. Yeye yuko Lima yenyewe, na kutoka huko mpaka hapa ni mbali sana."

"Uliniambia mwenyewe," akasema. Hakunilaumu. Alikuwa anahema kwa taabu. "Labda wamekwama Kahama. Kahama siku hizi hapaaminiki."

Nikamwacha. Ningefanya nini?

Niliomba ruhusa shuleni niwe narudi mapema, na asubuhi yule mzee wa nyuki alikaa naye. Siku ninayotaka kuisema nilirudi jua likiwa bado kali. Yule mzee alikuwa amekwenda kuchota maji kisimani. Nikainama mlangoni, maana mlango wetu ulikuwa mfupi, nikaziba mwanga. Baba aligeuza kichwa. Akaita jina la mdogo wangu.

"Umefika," akasema.

Nilisimama pale pale na kikapu mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, ni mimi. Nilimwangalia alivyokonda, nilivyomnyoa vibaya upande mmoja wa shavu, na furaha aliyokuwa nayo. Nikasema kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, "Nimefika, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Pole na safari. Mlinywesha wapi?"

"Kagongwa."

"Eee, Kagongwa!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Nikamwinua, nikamfuta mdomo, nikamlaza. Kisha akaushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

"Kaa. Dada yako hayupo, yuko shule. Afadhali. Nataka nikuambie kabla hajarudi."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Dada yako yuko peke yake," akasema. "Huwa namsikia akiingia. Namjua kwa miguu. Siku akiwa na uchungu anakiweka kikapu chini polepole. Baada ya ile siku ya gulio, mzee mwenzangu alikwenda kuniulizia, akaniambia habari za Kagongwa. Mapacha. Nilizijua. Sikumwambia kitu."

Nikauliza, na sauti yangu nusura initoroke, "Kwa nini, baba?"

"Nikimuuliza atanijibu." Alipumzika kidogo. "Yule hana uongo. Ataniambia, baba naumia. Na mimi nitampa nini? Ng'ombe sina. Macho sina. Mama yake hayupo. Nilimtoa kwa bibi yake anayempenda nikamleta porini, nikamwoza kwa watu wasiomjua, akarudi, na mimi nikakaa hapa kwenye kigoda. Ndiyo maana namuuliza habari zako wewe. Zako ziko mbali, nazimudu. Zake ziko hapa hapa ndani."

Nilikuwa nimeuma ukingo wa kanga.

"Wewe umesoma," akasema. "Wewe una maneno. Akirudi muulize. Muulize leo imekuwaje. Akikujibu, mwache amalize."

"Nitamuuliza, baba."

"Wabeja," akashukuru. "Wabeja sana. Atarudi sasa hivi. Huwa hachelewi."

Akafumba macho kumsubiri binti yake. Nilikaa kidogo, nikaona hafungui mkono wala halali, anasikiliza nje. Nikautoa mkono wangu taratibu, nikatoka kwa kunyata, viatu na kikapu nimevishika. Nikaenda mpaka nyuma ya ghala, nikalia haraka haraka, nikanawa uso. Halafu nikavaa viatu, nikarudi kwa njia ya mbele nikivuta miguu kwenye changarawe ili anisikie. Nikaingia. Nikakiweka kikapu chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Sauti yake ilikuwa imechangamka. "Mdogo wako amefika."

"Nimemwona, baba."

"Kaa hapo kitandani. Ana neno anataka kukuuliza."

Nikakaa kitandani, pembeni ya miguu yake. Baba akageuza uso kule kwenye kigoda, akasubiri. Kuku aliingia, akazunguka, akatoka. Baba akasubiri tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anamshtua mtu aliyeona haya mbele ya dada yake, "Haya, muulize basi."

Hakuna aliyeuliza. Nikaanza kueleza hivyo hivyo, kuanzia siku niliyoshushwa kwenye lori kutoka Kagongwa, na baba akaniacha nimalize.